Uza saa ya jioni, usiuze "klasiki": jibu kwa mpiga kinanda wa Nyegezi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, mpiga kinanda wa kwaya huku Nyegezi, Mwanza. Kwa miaka minne nimejifunza watunzi wa klasiki wa Ulaya, Chopin, Schumann na Liszt, kwa nota za kupakua, na mwaka jana nilinunua piano ya umeme yenye funguo 88. Nataka kurekodi albamu, pia nipige kwenye harusi na hoteli za kando ya ziwa, niutangaze kama muziki wa wapenzi. Kila ninayemwambia anasema piano ni ya kanisani au ya msibani. Meneja mmoja wa hoteli aliniambia wateja wake hawajui klasiki. Je, inawezekana? Vipande nivipe majina ya Kiswahili? Na hakimiliki ikoje?"

Marahaba, binti yangu. Inawezekana, na nimefurahi umeuliza kabla hujalipa studio, maana makosa mengi ya kazi hii hufanyika kabla ya noti ya kwanza kurekodiwa.

Nianze na huyo meneja. Ni kweli wateja wake hawajui klasiki. Alipokosea ni kudhani kwamba wanahitaji kuijua. Mtu anayempeleka mkewe Capri Point Jumamosi jioni hakutoka nyumbani kutafuta aina ya muziki. Ametafuta saa moja ya utulivu: jua likizama ng'ambo ya ghuba, sato wa kuchoma mezani, watoto wameachwa kwa bibi yao, simu imelazwa kifudifudi. Hiyo saa ndiyo anayoilipia, na muziki umo ndani yake kama kitambaa cha meza kilivyomo. Kwa hiyo ukirudi kwa meneja usimwambie "napiga klasiki". Mwambie unataka kushika muda wa saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, ili wageni wake wakae na wazungumze badala ya kula haraka na kuondoka. Hiyo ni lugha yake, kwa sababu meza inayokaa huagiza tena. Neno "klasiki" liache kwenye wasifu wako, kwa atakayeuliza.

Kwa nini piano, na si kitu kingine? Mapenzi huku kwetu hayajakosa muziki. Kuna rumba, kuna taarabu, kuna Bongo Fleva mpya kila wiki, na wazee wana zilipendwa zao. Usijaribu kushindana na hizo. Zitakushinda, na zinastahili kukushinda. Lakini zote zina maneno. Mwimbaji anabembeleza, analalamika, anaapa, anamsema jirani, na wawili walioketi mezani wanageuka wasikilizaji wa mapenzi ya mtu mwingine. Wakiwa wanacheza, hilo ni zuri sana. Wakiwa wameketi wanatazamana, na mmoja ana jambo zito moyoni, maneno ya mwimbaji yanamziba mdomo. Piano isiyo na mwimbaji inawaachia nafasi. Inaondoa ule ukimya unaoleta aibu, kisha yaliyobaki inawaachia wenyewe. Nimekaa nyuma ya vinanda na mitambo ya sauti Mwanza, Musoma na Bukoba kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeliona hili mara nyingi: wimbo wenye maneno ukiisha na piano ikaingia taratibu, vichwa vinasogeleana. Hiyo ndiyo bidhaa yako. Kila uamuzi utakaofanya, kuanzia kipande gani hadi spika ipi, upime kwa swali hili: je, hawa wawili bado wanaweza kuzungumza?

Sasa wale wanaosema piano ni ya msibani. Wanakueleza kwa uaminifu wanachokisikia. Taifa linapokuwa kwenye maombolezo, redio na televisheni hubadilisha muziki, na masikio yetu yamezoea kwamba kinanda peke yake, taratibu, kwa maina (mpangilio wa noti wenye sauti ya huzuni), maana yake kuna aliyefariki. Mimi nililipia kutolijua hili. Miaka mingi iliyopita, kwenye sendofu moja Pasiansi, nilifungua muda wa chakula kwa sonata ya Beethoven inayoitwa ya mbalamwezi. Niliichagua kwa jina tu. Shangazi wa binti alimfuata mwenyekiti wa kamati akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna taarifa ya msiba imefika. Sehemu ile ya kwanza iko C shapu maina na inakwenda kwa hatua za watu wanaosindikiza jeneza. Shangazi aliisikia vizuri kuliko mimi. Na kwa kuwa nilikuwa natumia CD na sikuisimamisha, baada ya sehemu fupi ya kati ikaingia ya tatu, ambayo ni dhoruba tupu, vidole vinakimbia kinanda kizima. Watu waliacha vijiko wakageuka kutazama spika. Tangu siku hiyo sikipi kipande kazi kabla sijakisikiliza chote, mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimesahau jina lake.

Kwa hiyo jenga albamu yako juu ya meja, mpangilio wenye sauti ya kung'aa. Nokturni ya Chopin, Opus 9 namba 2 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), iko E flati meja. Nokturni ni kipande cha usiku, na hiki kilichapishwa mwaka 1832. "Träumerei" ya Schumann, ya mwaka 1838, iko F meja, na ni fupi, dakika mbili na nusu hadi tatu. "Clair de lune" ya Debussy, iliyochapishwa 1905, iko D flati meja. Intermezo ya Brahms ya A meja, Opus 118 namba 2, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa watu wazima: ni muziki wa mtu aliyependa muda mrefu bila kusema mengi, na kitabu kizima, cha mwaka 1893, alimtunukia Clara, mjane wa Schumann, aliyekuwa rafiki yake kwa miaka arobaini. Maina usiifukuze kabisa. Iweke katikati, baada ya masikio kutulia, kamwe isiwe ya kwanza.

"Für Elise" iache. Beethoven aliiandika mwaka 1810, ikachapishwa 1867, miaka arobaini baada ya kifo chake, na Elise mwenyewe hajulikani kwa hakika alikuwa nani. Tatizo si hadithi yake, ni matumizi. Imekuwa mlio wa simu, wa midoli na wa kengele za milango. Taiwan magari ya kuzoa taka huipiga barabarani ili watu watoe taka zao. Sauti iliyotumika hivyo haiwezi tena kumshika mtu mkono usiku.

Kuhusu majina, umeuliza jambo ambalo wauzaji wa muziki wamelibishania kwa karibu miaka mia mbili. Jina la mbalamwezi halikutoka kwa Beethoven. Sonata ile aliiandika 1801, ikachapishwa 1802, akamtunukia mwanafunzi wake Giulietta Guicciardi, na kwenye jalada akasema tu kwamba ni sonata iliyo karibu na fantasia, yaani kipande cha umbo huru. Habari ya mwezi ilitoka kwa mwandishi wa Ujerumani, Ludwig Rellstab, aliyeifananisha sehemu ya kwanza na mashua inayopita usiku wa mbalamwezi kwenye ziwa Lucerne, Uswisi. Jina lililoiuza sonata hiyo dunia nzima ni sifa ya ziwa la watu wengine.

Sisi tuna letu, na mbalamwezi yake ina maana ambayo Rellstab asingeifikiria. Unajua wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani. Taa zao ndizo zinazovuta dagaa, na ukisimama juu ya miamba usiku wa giza utadhani kuna mji mwingine majini. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inabaki ufukweni. Kwa mke wa mvuvi wa Igombe au Ukerewe, mbalamwezi ni siku ambazo mume analala nyumbani. Sijasikia maelezo ya mapenzi yanayonigusa kuliko hayo, na albamu iliyorekodiwa Nyegezi ina haki ya kuyatumia. Ningekuwa wewe ningeiita "Siku za Mbalamwezi", na kwenye jalada ningeweka mtumbwi uliovutwa mchangani, si waridi jekundu na mishumaa ambavyo kila mtu anavyo.

Ila mipaka ipo. Chopin alikuwa na mchapishaji London, Wessel, aliyekuwa akivibandika vipande vyake majina ya kuvutia wanunuzi. Nokturni za Opus 9, pamoja na hii tuliyoitaja, alizitoa kwa jina la Kifaransa lenye maana ya minong'ono ya mto Seine. Chopin alichukizwa sana, na barua zake zinaonyesha hivyo. Yeye aliita vipande kwa aina na namba tu, ili msikilizaji aingie bila kuambiwa aone nini. Nadhani wote wawili walikuwa na sababu. Wessel alijua kwamba mtu asiyejua muziki hashiki namba kichwani. Chopin alijua kwamba jina likishaingia halitoki tena. Njia yangu ni hii: jina la albamu na la kila sehemu ya onyesho liwe la kwako, la Kiswahili, la hapa ziwani, jina la kipande libaki la mtunzi, kamili, pamoja na opus na namba. Usimbadilishe Chopin akawa "Penzi la Capri Point". Atakayeupenda muziki ule atataka kuutafuta, na ukimficha jina halisi umemnyang'anya njia.

Liszt anastahili aya yake, maana najua utampiga. "Liebestraum" namba 3, A flati meja, ilichapishwa 1850 na jina lake maana yake ni ndoto ya mapenzi. Watu huiweka kwenye kila mkusanyiko wa wapenzi. Lakini kabla ya kuwa kipande cha piano ilikuwa wimbo, wenye shairi la Ferdinand Freiligrath, na shairi lile linasema: penda kadiri unavyoweza kupenda, kwa maana saa itafika utakaposimama makaburini ukilia. Ni onyo. Meneja wa ukumbi akisikia hivyo anaweza kukuomba uiondoe. Usikubali, ila ihamishe. Haiwafai vijana wa miezi mitatu ya uchumba. Inawafaa wazee wanaoadhimisha jubilei ya ndoa, miaka 25 au 50, ambao wameshazika wazazi, wengine wamezika watoto, na bado wameshikana. Nimeipiga kwenye jubilei moja huko Bukoba baada ya MC kueleza maneno ya shairi kwa Kiswahili. Babu aliinuka kwenye meza kuu, akasogeza kiti chake karibu na cha bibi, akaketi tena. Hakuna aliyepiga vigelegele. Ukumbi mzima ulinyamaza mpaka noti ya mwisho.

Na hilo soko usilipuuze. Wanaotangaza muziki wa mapenzi hufikiria vijana peke yao, wakati mikoa hii ya ziwa imejaa familia zinazofanya jubilei kwa heshima kubwa, na watoto wakubwa wenye kazi ndio wanaogharamia. Hawataki kelele. Wanataka kitu wazazi wao watakikumbuka.

Kwenye harusi, jua nafasi yako. Kuingia kwa maharusi ni kwa kucheza, usijaribu kuushika muda huo. Keki ina MC na kelele zake. Zawadi ni foleni na vigelegele. Nafasi iliyo wazi ni chakula. Watu wamepanga mstari na sahani, maharusi wameketi peke yao kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na DJ anaweka chochote kilicho karibu kwa sababu naye ana njaa. Muda huo ni mrefu na hauna mwenyewe. Uombe kwa mwenyekiti wa kamati kwa jina, "muda wa chakula", na mpange na DJ kabla ya siku, ukimweleza kwamba anapata nafasi ya kula. Atakuwa rafiki yako wa kudumu, na ma-DJ ndio wanaopendekeza watu kwenye kamati nyingine. Kanisani ni jambo jingine. Misa au ibada ya ndoa ina taratibu zake za muziki, kwa hiyo usipeleke Chopin huko kabla hujamuuliza paroko au mchungaji. Wewe ni wa kwaya, unalijua hilo.

Silaha ya ukumbini ni hadithi, na unayo iliyo bora kuliko zote. Robert Schumann alimpenda Clara Wieck, binti wa mwalimu wake wa piano, ambaye mwenyewe alikuwa tayari mpiga piano mashuhuri. Baba, Friedrich Wieck, akakataa katakata. Hakukubali posa wala maelezo, shauri likaenda mpaka mahakamani, vijana wakashinda, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Zawadi ya Robert kwa bibi harusi ilikuwa kitabu cha nyimbo 26 kiitwacho "Myrthen", na wimbo wa kwanza, "Widmung", Liszt baadaye aliupanga kwa piano peke yake. Mpe MC hadithi hiyo kwenye karatasi, nusu dakika, asiongeze lake. Ukumbi wenye washenga, wajomba na wakwe waliotoka kwenye vikao vya mahari utaelewa kila neno, na watausikiliza "Widmung" kama habari ya mtu wanayemfahamu. Onyo moja tu: toleo la Liszt ni gumu. Kama mkono wako bado haujafika, piga "Träumerei", nayo ni ya miaka ile ile ya kumsubiri Clara.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kutangaza na kudanganya, na naijali sana. Kuna Mfaransa aitwaye Philippe Pagès, aliyechukua jina la jukwaani la Richard Clayderman kwa sababu jina lake la kuzaliwa liliwashinda wageni kulitamka. "Ballade pour Adeline", iliyomfanya ajulikane miaka ya 1970, iliuzwa mamilioni ya nakala na watu wameifunga ndoa nayo kila bara. Mtunzi wake, Paul de Senneville, aliitunga kwa ajili ya binti yake mchanga. Hakuna aliyedanganywa: upole wa baba kwa mtoto na upole wa mpenzi kwa mpenzi ni majirani, na sikio lilichukua ule upole. Jina la mapenzi lishike kwenye kitu kilichomo kweli ndani ya sauti. Ukiita cha mapenzi kipande chenye dhoruba au jeneza, shangazi atakugundua.

Wateja watakuomba hiyo Adeline, kwa hiyo niingie kwenye sheria. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Nchi nyingi zinakwenda mpaka 70. Beethoven alifariki 1827, Chopin 1849, Schumann 1856, Liszt 1886, Brahms 1897, Debussy 1918. Hao wote wako huru, uwapige, uwarekodi, uwauze. Adeline haiko huru. Wala piano ya wimbo wa Bongo Fleva wa mwaka jana haiko huru, hata kama umeipanga upya noti kwa noti. Huo unahitaji ruhusa ya mwenyewe. Halafu kuna haki ya pili ambayo wengi wanaisahau: rekodi. Chopin ni wa watu wote, lakini rekodi ya Chopin iliyopigwa na mtu mwingine ina mwenyewe, kwa hiyo usiiweke chini ya video ya maharusi ukadhani ni bure. Rekodi yako ni mali yako. Jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), sajili kazi zako COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki), na maswali ya kupiga hadharani nyimbo zenye wenyewe waulize hao hao COSOTA kabla ya onyesho.

Ukiweka video YouTube, mfumo wao wa kutambua sauti unaweza kukudai kwamba umetumia rekodi ya kampuni fulani, kwa sababu noti ni zile zile na mashine inachanganya. Usiogope na usifute. Pinga dai kwa maelezo mafupi: utunzi hauna mwenyewe tena, rekodi ni yangu. Tunza mafaili ghafi ya studio na video ya mikono yako ikipiga.

Mtandaoni mambo ni magumu zaidi kuliko ukumbini, nikuambie ukweli. Spotify, tangu 2024, hailipi wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12, na usikilizaji huhesabiwa baada ya sekunde 30. Sasa fikiria sonata ya mbalamwezi: mkono wa kulia unazunguka juu ya besi za mkono wa kushoto sekunde ishirini na zaidi kabla wimbo wenyewe haujaanza. Nokturni ya Opus 9 inaanza kuimba kwenye noti ya kwanza. Fungua albamu kwa nokturni. Na vichwa vya mikusanyiko yako viandike kwa saa na tendo, kama mtu anavyotafuta: "Piano ya chakula cha jioni kwa wawili", "Piano ya machweo, Ziwa Victoria". Boomplay na YouTube ndiko waliko watu wetu wengi. Anza huko, na albamu iwe kadi yako ya kazi, maana fedha zako za miaka ya kwanza zitatoka kwenye kumbi.

Sauti. Hapa wapiga wengi wazuri wanaanguka. Muziki huu uliandikwa kwa vyumba vya watu wachache, una kunong'ona na kupaza ndani ya ukurasa mmoja. Kando ya ziwa kuna upepo, kuna jenereta, kuna sahani, na minong'ono yote inapotea. Usipandishe spika moja kubwa mpaka walioko mbele wapige kelele ili wasikilizane. Weka spika ndogo mbili au tatu zikiwa zimetawanywa, kila moja chini, na mwombe fundi abane kidogo tofauti ya sauti ndogo na kubwa. Kwa rekodi vivyo hivyo, na kabla ya kuikubali isikilize kwenye simu ya kawaida. Spika ya simu haitoi zile noti za chini za mkono wa kushoto, na nokturni bila mkono wa kushoto ni mtu anayetembea bila ardhi. Kama hazisikiki, mwambie fundi aziinue kidogo zile zilizo juu yake.

Pedali nunua nzuri. Kinanda cha kanisani cha funguo 61 usikikubali hata wakikuambia kipo tayari. Chopin na Liszt wanavuka mipaka yake. Beba betri na inveta yako, umeme ukikatika katikati ya pete hakuna atakayekumbuka lawama ni ya nani. Na taa yako ya nota iwe hafifu, ya njano, imeelekezwa chini, ama wale wadudu wadogo wa ziwani wataujaza ukurasa usione noti.

Nimetaja pete. Hiyo saprais ya kuvishana pete ufukweni ni kazi ndogo inayolipa vizuri, na inahitaji dakika ishirini tu. Jua huku huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, likipishana kwa nusu saa hivi, na mji wetu unatazama magharibi, kwa hiyo unauza machweo. Mwezi mpevu wenyewe huchomoza nyuma ya vilima. Anza kupiga kabla hawajafika, ili kusiwe na wakati muziki "umeanza" ghafla binti akashtuka. Kijana akisimama, ingia "Träumerei". Ikiisha, acha. Usiunganishe na kingine. Waache na sauti ya maji mpaka ajibu, kisha nokturni.

Usijenge biashara juu ya 14 Februari. Siku hiyo kila hoteli ina mtu wake, na kalenda haina huruma: mwaka 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia siku hiyo hiyo, na Wakatoliki walikuwa kwenye mfungo. Kwaresima ndoa hupungua sana. Anza mazungumzo yako baada ya Pasaka, na uwe tayari ifikapo Mei, msimu wa pamba unapofunguliwa, fedha zinapoanza kuzunguka usukumani na kamati za harusi zinapoanza vikao. Bei toza kwa kipindi, si kwa idadi ya vipande, na nusu ipokee kabla hujapakia kinanda kwenye gari.

Kwa hatua ya kwanza, rekodi "Träumerei" peke yake, kwa simu, hapo hapo chumbani, dirisha likiwa wazi. Nitumie. Nitaisikilizia jikoni kwenye redio yangu ndogo wakati mke wangu anapika, na kama akizungumza nami mpaka mwisho bila kuniambia nipunguze, nenda kalipe studio.